Kibali cha kazi Falme za Kiarabu: karatasi zinavyofuatana na nani anazilipia

Kibali cha kazi cha Falme za Kiarabu hakiombwi na mfanyakazi. Huombwa na mwajiri, kwa jina la kampuni yake, na gharama ni zake. Sheria ya kazi ya nchi hiyo, Amri ya Shirikisho Na. 33 ya mwaka 2021, kifungu cha 6, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mtu akikuambia mjini Mombasa, Dar es Salaam au Kampala kwamba "kibali ni kiasi fulani, tuma leo", umeshajua neno moja la muhimu kumhusu.

Kazi yako katika safari hii ni tatu: kuandaa karatasi zinazotoka kwako, kusoma ofa kabla ya kutia saini, na kujua karatasi ipi lazima iwe mkononi mwako kabla hujapanda ndege. Waliokwama huko mara nyingi waliruka moja kati ya hizo, hasa hiyo ya tatu.

Kwanza, ujue kibali chako kitatoka mlango gani

Kampuni ya kawaida, yaani iliyo nje ya maeneo huru ya biashara, huomba kibali kwa Wizara ya Rasilimali Watu, inayojulikana kwa kifupi MOHRE. Kampuni iliyo ndani ya eneo huru, kama DMCC au JAFZA za Dubai, hupitia mamlaka ya eneo hilo, na mfanyakazi wake huonekana kwenye mfumo wa eneo hilo. Kazi za ndani, yaani yaya, mpishi, dereva wa nyumbani au mtunza bustani, ziko chini ya MOHRE lakini zina sheria yake peke yake, Amri ya Shirikisho Na. 9 ya mwaka 2022, na hupitia vituo vya Tadbeer, vinavyoshughulikia ajira za nyumbani.

Tofauti hii ina uzito kwako. Kama ofa ni ya kampuni ya eneo huru na unaitafuta kwenye mfumo wa MOHRE, hutaiona, na utadhani umetapeliwa kumbe sivyo. Na kama ofa inasema ni ya MOHRE halafu mfumo wa MOHRE hauitambui, hapo simama. Muulize mwajiri au wakala mambo mawili mapema: jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye leseni, na leseni hiyo imetolewa na mamlaka gani. Mwajiri wa kweli hujibu papo hapo.

Karatasi za kuandaa kabla hata ofa haijaja

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 kwenda mbele. Hicho ndicho kiwango cha kuingilia, lakini kibali cha kawaida ni cha miaka 2, kwa hiyo pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja itakutesa katikati ya mkataba. Ibadilishe ungali nyumbani.

Angalia jina. Tangu Novemba 2022 Falme za Kiarabu hazimpi viza mtu ambaye pasipoti yake ina jina moja tu. Ukiwa na jina moja kwenye nafasi ya jina la kwanza na nafasi ya ukoo ikiwa tupu, au kinyume chake, rekebisha kwanza. Pia jina la kwenye cheti cha shule lifanane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. "Mohamed" kwenye pasipoti na "Muhammad" kwenye cheti ni jambo dogo Pwani, lakini kaunta ya uhakiki haimjui mwenye jina, inajua herufi tu. Tofauti ikiwapo, andaa hati ya kiapo mapema.

Vyeti vinahitaji kuthibitishwa kwa mnyororo, na mnyororo haurukwi. Kwanza mtoaji au mamlaka ya elimu nyumbani: chuo chenyewe, au baraza la mitihani (KNEC kwa Kenya, NECTA kwa Tanzania). Kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako. Kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu. Mwisho Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, ambako muhuri wa hati moja ya mtu binafsi ni dirham 150. Falme za Kiarabu hazimo katika mkataba wa apostili, unaofanya muhuri mmoja ukubalike nchi nyingine, ndiyo maana muhuri mmoja hautoshi. Anayefika bila muhuri wa ubalozi hulazimika kuirudisha hati nyumbani kwa ndugu au kwa kampuni ya vifurushi, na siku za viza zinahesabika.

Je, kila mtu anahitaji cheti? Hapana. Kazi zimepangwa kwa ngazi za ujuzi, kuanzia 1 hadi 9. Mameneja na wataalamu, ngazi za 1 na 2, hudaiwa shahada. Mafundi wa ngazi ya 3 na makarani wa ngazi ya 4 hudaiwa stashahada. Wauzaji, ngazi ya 5, hudaiwa cheti cha sekondari. Mfanyakazi wa usafi au kibarua wa ujenzi hadaiwi cheti. Hapa ndipo hila moja hujificha: kampuni huajiri mwenye shahada bila kuthibitisha cheti chake, ikamwandika kwenye kibali kama kibarua. Inaonekana kama njia ya mkato, lakini cheo kilichoandikwa kwenye kibali kitakufuata ukitaka kuhama kazi au kuleta familia.

Wauguzi, wafamasia na madaktari wana mlima wa ziada. Bila leseni ya mamlaka ya afya (DHA kwa Dubai, DOH kwa Abu Dhabi, MOHAP kwa falme nyingine) hakuna kazi ya kitabibu, na leseni hutanguliwa na uhakiki wa vyeti kupitia kampuni ya DataFlow. Anza huo kabla ya kutafuta ofa, maana DataFlow huandikia chuo chako na mwajiri wako wa zamani, na ofisi zetu hazikimbilii kujibu. Mpigie msajili wa chuo umwambie kuna barua inakuja.

Cheti cha polisi cha tabia njema chukua mwishoni, kwa sababu kinachakaa haraka kuliko vingine.

Na kuna kipimo cha kufanya hata kama hakuna anayekudai: eksirei ya kifua na kipimo cha virusi vya Ukimwi, hapa hapa nyumbani, kabla hujauza kiwanja au kukopa. Kipimo kinachoamua hufanyika ukishafika huko. Mgeni mpya akikutwa na virusi vya Ukimwi au kifua kikuu hapewi ukaaji, hurudishwa. Hata kovu la kifua kikuu ulichotibiwa na kupona linaweza kukuzuia. Hospitali ya wilaya itakuambia hili kwa bei ya eksirei moja.

Wakala wa nyumbani

Si lazima kupitia wakala kama kampuni imekuajiri moja kwa moja. Ukipitia wakala, awe na leseni iliyo hai leo, si ya mwaka juzi. Kenya, orodha iko kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira (NEA). Uganda, iko Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kwenye mfumo wa ajira za nje. Tanzania Bara, uliza kwa Kamishna wa Kazi au TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kazi. Linganisha jina la kwenye leseni na jina la kwenye risiti. Wengi hulipa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, halafu kampuni yenye leseni inasema haimjui, na kisheria ina haki.

Wanaokwenda kazi za ndani kutoka Kenya hupitia mafunzo ya kabla ya safari, na mkataba wao hukaguliwa kabla ya kuondoka. Usikubali wakala akuambie mafunzo "yatarukwa". Yanaporukwa, jina lako haliingii kwenye kumbukumbu za nchi, na siku ukipiga simu ubalozini ukiwa umefungiwa ndani, kazi ya kukutafuta inaanzia sifuri.

Barua ya ofa: soma mshahara wa msingi kwanza

Kwa kampuni zilizo chini ya MOHRE, ofa rasmi si barua ya Word yenye nembo. Hutengenezwa kwenye mfumo wa wizara, ina namba ya muamala, na namba hiyo unaweza kuiingiza wewe mwenyewe kwenye tovuti au programu ya MOHRE ukaona jina la kampuni na masharti. Karatasi huja kwa Kiarabu na Kiingereza. Maneno yakipishana, Kiarabu ndicho kinachoshika. Mtafute mtu anayesoma Kiarabu, iwe madrasa au msikitini, akusomee mistari mitatu: cheo, mshahara wa msingi, jumla. Dakika kumi zinatosha.

Mshahara wa msingi ndio roho ya mkataba. Mtu huambiwa "dirham 1,500 kwa mwezi", akafurahi, bila kuona kwamba msingi ni 800 na zilizobaki ni posho. Kiinua mgongo hupigwa kwa msingi peke yake: mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, halafu wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na lazima uwe umemaliza angalau mwaka mmoja. Msingi ukiwa 800, siku 21 ni dirham 560 kwa mwaka. Msingi ukiwa 1,200, ni 840. Jumla ya mwezi ni ile ile, lakini mwenzako anaondoka na nusu zaidi. Hakuna kima cha chini cha jumla kwa wafanyakazi wageni, kwa hiyo kilichoandikwa ndicho ulichonacho.

Ili kujua thamani yake nyumbani, kumbuka dirham imefungwa kwa dola: dola 1 ni dirham 3.6725. Dirham 1,500 ni kama dola 408. Toa chakula, toa simu, ndipo upige hesabu ya kutuma.

Mengine ya kutazama kwenye ofa: nani anatoa nyumba na usafiri, au posho yake ni kiasi gani, muda wa majaribio, ambao hauwezi kuzidi miezi 6, saa za kazi, ambazo kisheria ni 8 kwa siku na 48 kwa wiki, likizo ya mwaka, siku 30 baada ya mwaka mmoja. Mfanyakazi wa ndani ana haki ya mapumziko ya saa 12 kwa siku, 8 kati yake mfululizo, na siku moja ya kupumzika kila wiki.

Tunza nakala. Mkataba utakaotia saini ukifika lazima ulingane na ofa. Ukipunguzwa, nakala ya ofa ndiyo silaha yako. Ipige picha, jitumie kwenye barua pepe, na mwachie mtu mmoja nyumbani.

Viza ya kuingilia ya kazi

Baada ya ofa kutiwa saini, mwajiri hulipia kibali. Ada ya kibali cha miaka 2 kwa kampuni zilizo chini ya MOHRE ni dirham 250, 1,200 au 3,450, kutegemea kundi la kampuni kwa jinsi inavyofuata sheria. Ukitajiwa "gharama ya kibali", sasa unajua bei ya kweli, na unajua ya nani. Kibali kikikubaliwa, uhamiaji hutoa viza ya kuingilia ya kazi, ya kielektroniki, yenye siku 60.

Hii ndiyo karatasi isiyo na mbadala. Usipande ndege bila kuikagua hivi:

Namba ya faili huanza na tarakimu za ufalme: 101 Abu Dhabi, 201 Dubai, 301 Sharjah, 401 Ajman, 501 Umm Al Quwain, 601 Ras Al Khaimah, 701 Fujairah. Ofa ya Abu Dhabi yenye viza ya 301 inahitaji maelezo. Ingiza namba hiyo na ya pasipoti kwenye tovuti ya ICP, mamlaka ya shirikisho ya vitambulisho na uhamiaji, au ya GDRFA, uhamiaji wa Dubai, kama ni Dubai, uone kama iko hai. Kisha tazama aina ya viza: ni ya kazi au ya matembezi? Tazama cheo na jina la mdhamini. Kama ofa inasema karani na viza inasema mfanyakazi wa ndani, umehamishwa kutoka sheria moja kwenda nyingine bila kuulizwa. Rekebisha ukiwa nyumbani, maana ukishatua nguvu ya kukataa hupungua.

Kuhusu "nenda kwanza na viza ya matembezi, tutabadilisha huko huko": mabadiliko hayo yapo kisheria, na kampuni za heshima huyafanya bila kukutoa nchini. Lakini viza ya matembezi haikupi ruhusa ya kufanya kazi hata siku moja. Ikiisha, faini ni dirham 50 kwa kila siku. Mwajiri anayemtumikisha mtu bila kibali anakabiliwa na faini ya dirham 100,000 hadi milioni moja tangu sheria ilipokazwa mwaka 2024, ila hilo halimwokoi mfanyakazi, naye hukamatwa na kurudishwa. Ukikubali njia hii, ofa ya MOHRE iwe imeshatiwa saini kabla ya safari, na usianze kazi, hata ile inayoitwa "siku mbili za kujaribiwa", mpaka kibali kitoke.

Baada ya kutua

Mwajiri hukupeleka kupimwa afya katika kituo cha serikali: damu na eksirei. Wanaohudumia watoto, wa kazi za ndani na wa saluni hupimwa pia homa ya ini aina B na kaswende, na wanawake wa kazi za ndani hupimwa ujauzito. Halafu alama za vidole na picha kwa ajili ya kitambulisho cha Emirates ID, ambacho namba yake huanza na 784. Tangu Aprili 2022 stika ya ukaaji haibandikwi tena kwenye pasipoti. Kitambulisho hicho ndicho ushahidi wa ukaaji. Usishtuke pasipoti ikirudi tupu.

Sambamba na hayo unatia saini mkataba wa kazi, nao husajiliwa wizarani. Mwajiri ana siku 14 tangu uingie nchini kuuwasilisha. Pakua programu ya MOHRE, jisajili, uone mkataba na kibali chako mwenyewe. Visipoonekana baada ya mwezi, uliza kwa maandishi. Kuna waliogundua baada ya miezi minane kwamba mwajiri aliishia kwenye viza ya kuingilia, hakumalizia kibali, na faini zinahesabiwa.

Bima ya afya ni ya mwajiri. Tangu Januari 2025 ni sharti katika falme zote saba. Bima ya kupoteza kazi ni yako: dirham 5 kwa mwezi kama msingi hauzidi 16,000. Kutojiunga ni faini ya dirham 400. Wafanyakazi wa ndani hawaguswi na bima hii ya pili.

Mambo yanapoharibika

Pasipoti yako kukaa kwa bosi ni kosa, hata kama "ofisi nzima hufanya hivyo". Kifungu cha 13 cha sheria ya kazi kinamkataza mwajiri kushikilia hati zako. Ukiitoa kwa ajili ya shughuli ya uhamiaji, omba utajiwe siku na tarehe ya kurudishiwa.

Mshahara hupita benki au kadi kwenye mfumo unaoonwa na wizara. Ukipita siku 15 baada ya tarehe yake, umechelewa kisheria. Ukilipwa taslimu, na zaidi ukiombwa kurudisha sehemu ya kilichoingia kwenye kadi, andika tarehe na kiasi kila mwezi.

Usiache kwenda kazini kwa hasira. Ukikosekana zaidi ya siku 7 mfululizo bila taarifa, mwajiri anaweza kukufukuza bila notisi na kukuripoti mtoro, na ripoti hiyo huweza kukufungia kibali kipya kwa mwaka mzima. Fungua malalamiko kwanza: namba 80084 ya MOHRE, au programu yake. Madai yasiyozidi dirham 50,000 wizara huyaamua yenyewe. Una miaka 2 tangu ajira iishe kudai haki yako.

Ukitaka kuondoka ndani ya muda wa majaribio, notisi ni ya maandishi: siku 14 kama unaiacha nchi, mwezi mmoja kama unahamia mwajiri mwingine huko huko, na katika hali ya pili mwajiri mpya ndiye anayemfidia wa zamani gharama za kukuleta.

Mkataba ukiisha, utaletewa karatasi ya kufuta kibali yenye mstari unaosema umepokea haki zako zote. Mwajiri ana siku 14 tangu mkataba uishe kulipa kila kitu: mshahara wa mwisho, likizo ambayo hukuichukua na kiinua mgongo. Tazama kwanza salio la kadi, ndipo utie saini.